Setilaiti iliona mikoko ikifa, aliyeiua haikumuona



Si muda mrefu uliopita nilihudhuria baraza katika kijiji kimoja kando ya hori ya Mwache. Tulikaa chini ya mwembe, akina mama upande mmoja na wanaume upande wa pili. Afisa wa ofisi moja ambayo sitaitaja alitundika picha mbili kubwa mbele yetu. Zote zilipigwa kutoka angani na setilaiti. Ya kwanza ilikuwa ya miaka ya tisini mwanzoni, na hori nzima ilikuwa imezungukwa na kijani. Ya pili ilikuwa ya miaka mingi baadaye, na sehemu kubwa ya kile kijani ilikuwa imetiwa rangi nyekundu.

"Wekundu huu," akasema, "ni mikoko ambayo nyinyi mumeimaliza." Kisha akaeleza hatua zitakazofuata: doria, kunyang'anywa mashoka, na kesi kwa atakayekutwa na boriti bila kibali.

Watu walinyamaza. Halafu mzee mmoja mvuvi, mtu wa makamo ya marehemu baba yangu, akainuka taratibu akaenda hadi kwenye picha. Aliweka kidole juu ya doa moja kubwa jekundu. "Mwanangu," akamwambia afisa, "hapa shoka halikufika. Hapa palizikwa. Mwaka wa ile mvua ya El Niño maji yalishuka kutoka bara mekundu, yakaacha tope hadi hapa." Akajipiga pajani. "Mikoko ilikufa imesimama. Sisi tulikuja baadaye kukata kuni zilizokwisha kufa."

Afisa akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, setilaiti haisemi uongo." Na baraza likaishia hapo.

Nimelifikiria jibu lile tangu siku hiyo. Mimi nilisomea upimaji wa ardhi hadi stashahada. Si mwanasayansi, lakini ramani nazijua. Na naweza kusema hivi: afisa alikuwa kweli, na mzee alikuwa kweli. Setilaiti haikusema uongo. Ila aliiuliza swali moja, akajijibu mwenyewe swali la pili.

Jicho la juu linaona nini?

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wetu tunalisikia neno setilaiti tukadhani ni kama kamera ya polisi barabarani.

Setilaiti ya kwanza ya mradi wa Landsat wa Marekani ilirushwa Julai 1972, na mradi huo haujakatika hadi leo. Zilizofuata zilikuwa na uwezo wa kugawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa mita 30, na kurudi juu ya mahali pamoja kila baada ya siku 16. Mwaka 2008 Wamarekani wakazifungua picha hizo bure kwa kila mtu. Ulaya nayo ikarusha Sentinel-2, ya kwanza mwaka 2015 na ya pili 2017. Setilaiti mbili za mradi huo zikifanya kazi pamoja huona vipande vya mita 10 na hurudi kila siku tano hivi. Hizo pia ni bure. Kijana mwenye kompyuta na intaneti hapa Majengo anaweza kuitazama Mwache ilivyokuwa kabla hajazaliwa.

Wala sisi si wageni wa mambo ya anga. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirushia setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa moja ikapewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Na Aprili 2023 Kenya ikapeleka Taifa-1 yake, ingawa hiyo ilirushwa kutoka Marekani.

Sasa, setilaiti inajuaje kwamba mahali fulani pana majani? Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu ili litengeneze chakula chake, na hurudisha juu mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni, unaoitwa infraredi ya karibu. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili. Unachukua infraredi, unatoa mwekundu, unagawanya kwa jumla ya yote mawili. Jibu ndilo kipimo cha kijani, ambacho wataalamu hukiita NDVI. Ikiwa jani limerudisha asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya mwekundu, kipimo kinakuwa 0.8, na hapo ni msitu mnene. Tope tupu likirudisha asilimia 25 na 20, kipimo kinakuwa 0.11.

Ni hesabu ya darasa la nane. Na utaona kwamba ndani ya hesabu hiyo hakuna shoka, hakuna mafuriko, hakuna mafuta yaliyomwagika. Kuna mwanga tu.

Hasara ni ya kweli

Nisieleweke kwamba natetea hali ilivyo. Mikoko imepotea, na imepotea kwa wingi.

Watafiti waliotumia picha za Landsat kwa pwani nzima ya Kenya walikuta kwamba kati ya 1985 na 2010 tulipoteza asilimia 18 ya mikoko yetu. Wengine walitazama hori mbili zilizo karibu na mji wa Mombasa, kutoka 1992 hadi 2009. Mwache ilikuwa imepoteza asilimia 45.4. Tudor ilikuwa imepoteza asilimia 86.9. Hebu msomaji rudia hiyo ya Tudor. Katika kila miti kumi iliyokuwapo, haikubaki hata miwili.

Anayejua bahari hahitaji kuelezwa maana yake. Pasipo na mikoko hapana kamba wala kaa, na wadogo wa samaki hawana pa kujificha. Ufuo hulika. Nyumba zetu za zamani zilisimama kwa boriti na pau za mikoko, na majahazi yaliyokwenda Uarabuni na Ghuba yalipakia boriti hizohizo kwa karne nyingi, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Lakini hata tarakimu zenyewe zataka kusomwa kwa makini. Utafiti ule wa Landsat ulisema mwaka 2010 Kenya ilikuwa na hekta 45,590 za mikoko. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, wa 2017 hadi 2027, unasema tuna hekta 61,271, na asilimia 61 hivi ziko Lamu. Mtu akizitia hizo tarakimu mbili katika hotuba anaweza kusema mikoko imeongezeka kwa theluthi katika miaka michache. Haikuongezeka hivyo. Picha tofauti, njia tofauti za kuhesabu, na mpaka tofauti wa kusema hapa ni msitu na hapa ni uwanda wa chumvi wenye vichaka. Kwa hivyo ukiletewa tarakimu ya mikoko, uliza kwanza imepimwaje, na je, ile inayolinganishwa nayo imepimwa vivyo hivyo?

Picha mbili hutoa kiasi, haitoi sababu

Baada ya lile baraza nilirudi nyumbani nikafungua picha za Mwache. Sikutazama mbili. Nilitazama za mwaka baada ya mwaka, zile ambazo mawingu hayakuziharibu.

Na hapo tofauti ikaonekana. Picha ya mwanzo na ya mwisho hukwambia ni kiasi gani kimepotea. Hazikwambii kimepotea lini katikati, wala kama kilipotea kidogo kidogo au kwa mpigo mmoja. Ukizipanga picha zote, lile doa ambalo mzee aliliwekea kidole lilikuwa kijani kabla ya mvua za mwisho wa 1997. Baada ya mvua zile kuisha mwaka 1998, lilikuwa limefifia lote kwa pamoja. Shoka halifanyi kazi hivyo. Wakata miti wote wa Mwache wakikusanywa na jamaa zao hawawezi kuangusha eneo kama lile kwa msimu mmoja, halafu wakaacha miti imesimama.

Watafiti wa bahari walikwisha kuandika jambo hili zamani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mno kupitia mto Mwache, ukafukia mizizi ya mikoko, na mikoko ikafa. Mkoko huishi topeni, lakini mizizi yake lazima ipate hewa. Mkoko wenyewe hupumulia mizizi yake ya juu iliyojipinda kama miguu ya kaa. Mchu hupumulia vile vidole vinavyochomoza kwenye tope. Ukivifunika, ni kama umemfunika mtu mto usoni.

Na udongo ule ulitoka wapi? Haukutoka kijijini kwa yule mzee. Ulitoka juu, kwenye vilima vya Kinango na kwingineko, ambako miti imekatwa na mashamba yanalimwa kwenye miteremko bila makinga maji. Mvua kubwa ni qadar ya Mwenyezi Mungu, lakini ardhi kuachwa uchi ni kazi ya mikono yetu. Basi muuaji wa mikoko ya Mwache, kwa sehemu ile kubwa, alikaa maili nyingi kutoka baharini, na huenda hajawahi kuuona mkoko maishani mwake.

Kila sababu ina alama yake

Aliyezoea kusoma picha hizi hujifunza kutambua alama.

Mstari ulionyooka na pembe za mraba ni kazi ya mashine na vibali. Utaziona kwenye mabwawa ya chumvi ya Magarini, na pale barabara ya Dongo Kundu ilipoikata mikoko ya Mwache. Lamu utaziona pale bandari mpya ilipojengwa. Bandari ile gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, baada ya wavuvi kwenda mahakamani na mwaka 2018 kuamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Sehemu iliyofifia yote kwa pamoja mdomoni mwa mto, mara tu baada ya mafuriko, ni tope.

Mkanda uliokauka ukingoni mwa hori karibu na bandari hutaka kulinganishwa na tarehe za mafuta kumwagika. Makupa ilipata msiba huo mwaka 1988, na eneo la bandari likapata mwingine 2005.

Kijani kinachopungua polepole kutoka upande wa makazi, mwaka baada ya mwaka, ni kukata. Hiyo ndiyo hali ya sehemu nyingi za Tudor: kuni, mkaa, nguzo za vibanda, mapipa ya wanaopika pombe haramu mikokoni, na juu yake maji taka ya mji. Hapo hatuna wa kumsingizia. Tumekata, na tunaendelea kukata. Mwandishi anayewaambia watu wake kwamba hawana kosa kabisa hawapendi, anawadanganya.

Lakini hizo ni alama, si ushahidi kamili. Na kuna mambo ambayo jicho la juu haliyaoni kabisa. Fundi wa kukata anayejua kazi yake huingia mikokoni akachagua: fito hapa, pau kule, boriti moja baada ya miti kadhaa. Kutoka juu msitu bado ni kijani, kumbe miti iliyonyooka yote imekwisha na imebaki iliyopinda isiyo na bei. Kinyume chake pia kipo. Picha ikipigwa maji ya bamvua yamejaa, miti mifupi huzama na kipimo hushuka. Ikipigwa maji yamekupwa, kipimo hupanda. Hakuna mti uliokufa wala uliozaliwa. Ni bahari tu imeingia na kutoka. Mpimaji asiyejua kalenda ya maji anaweza kuandika ripoti ya msiba ambao haukutokea.

Na si kila kijani ni heri. Ndugu zetu wa Tana River wanaujua mti wa mathenge, ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Setilaiti huuona mathenge ukaandika kijani, kipimo juu. Mfugaji huuona akaandika malisho yamekwisha, mbuzi wameharibika meno, na njia ya kwenda mtoni imezibwa na miiba.

Kwa nini sababu ina uzito

Msomaji anaweza kuuliza: mikoko imekufa, imekufa. Yafaa nini kubishana aliyeiua?

Yafaa sana, kwa sababu sababu ndiyo inayoamua nani ataadhibiwa, nani atalipwa na nini kitapandwa.

Tukisema ni shoka, dawa ni doria, na atakayekamatwa ni kijana wa Jomvu au fundi wa Lamu mwenye mtumbwi wake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti nchi nzima, na familia za Lamu ambazo riziki yao ni mikoko ziliamka asubuhi hazina kazi, kwa sababu ya misitu iliyoharibiwa huko bara. Tukisema ni tope, dawa ni makinga maji na miti huko Kinango, na wa kuulizwa ni wapangaji wa mashamba na wajenzi wa barabara. Bwawa la Mwache linajengwa huko juu. Litakamata udongo, lakini pia litakamata maji matamu ambayo mikoko huyahitaji. Nani anafuatilia hilo kwa picha na kwa vipimo vya huku chini, kuanzia sasa kabla halijajaa?

Hata kupanda kwenyewe hutegemea sababu. Tumeona mara ngapi wageni wamekuja na fulana nyeupe, wakapanda miche elfu ya mkoko kwenye tope jipya, wakapiga picha wakaondoka? Ikiwa kilichoua miti ya kwanza ni tope, na tope bado linashuka, miche itazikwa vilevile.

Na kuna pesa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoingizwa, ambapo mfugaji alilipwa kipimo cha kijani cha setilaiti kilipokuwa kikishuka chini ya kiwango. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, nayo hutumia kipimo cha jamii hiyohiyo katika taarifa zake za kila mwezi, zikiwemo za Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu. Mahali ambapo mathenge umejaa, kijani kile kinaweza kumnyima mtu haki yake.

Mfano mzuri tunao, na uko kwetu. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kutoka hekta 117 za mikoko, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kule hawakutegemea picha za juu peke yake. Watu wa kijiji huingia mikokoni na kamba ya kupimia, wakapima unene wa mti mmoja mmoja katika maeneo yaliyotiwa alama. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo. Jicho la juu huonyesha mahali, mguu wa chini huenda kuthibitisha.

Ninachoomba

Ninaomba mambo matatu, na hakuna linalohitaji mabilioni.

La kwanza, ofisi yoyote itakayotundika picha za setilaiti mbele ya wananchi iandike tarehe kamili ya kila picha na hali ya maji siku hiyo, na ilete mfululizo wa miaka, si mbili pekee. Mtu hahukumiwi kwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa faili lake.

La pili, kabla ya ramani kupewa sababu, wazee na akina mama wa pale waulizwe, na maneno yao yaandikwe kando ya tarakimu. Mzee wa Mwache alikumbuka mwaka, alikumbuka rangi ya maji, alikumbuka kina cha tope. Hicho ni kipimo. Ofisi nyingi hulipa washauri pesa nyingi kutafuta mambo ambayo yeye angeyatoa kwa kikombe cha kahawa.

La tatu, vijana wetu wajifunze kusoma picha hizi. Ziko bure. Vyuo vyetu vya ufundi vya Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu viweke somo hilo, na walimu wa madrasa wasione ni jambo la kidunia tu. Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alituhimiza kuupanda mche ulio mkononi hata kama Kiyama kimesimama. Kupanda na kuhakikisha ni ibada zote mbili.

Baada ya kuzipanga zile picha zangu nilirudi Mwache na kompyuta, nikamtafuta yule mzee. Nilimkuta anashona jarife mlangoni. Nikamwonyesha mwaka baada ya mwaka, hadi tulipofika 1998 na lile doa likafifia. Alitazama kwa muda, akasema, "Sasa hii ndiyo kweli. Ile ya siku ile ilikuwa nusu." Kisha akaniuliza kama naweza kuipeleka kwa yule afisa.

Nimeipeleka, pamoja na barua yenye maneno ya mzee na sahihi ya dole gumba lake. Hadi ninapoandika haya sijajibiwa. Doria, nasikia, zinaanza mwezi ujao. Huko Kinango mvua za masika zikishuka, udongo nao utashuka, na hautaonyesha kibali kwa mtu yeyote.

Wallahu aalam.